Siku Nne Ukingoni mwa Bahari

Mji wetu wa Muheza u karibu na bahari, tena u mbali nayo. U karibu kwa kuwa wilaya yenyewe ina pwani yake huko Kigombe. U mbali kwa kuwa wengi wetu tuliozaliwa juu huku, baina ya michungwa na mkonge, milima ya Usambara ikituangalia, twamjua samaki akiwa amekwisha kukaangwa na kufungwa katika karatasi ya gazeti. Reli ya Wajerumani ilifika hapa kutoka Tanga mwaka 1896, na tangu siku hizo mazao yetu yameshuka kwenda baharini mwaka baada ya mwaka. Wenyewe tumebaki juu. Wapo watu wazima hapa Muheza ambao hawajapata kutia mguu katika maji ya chumvi, wala hawaoni kuwa wamekosa kitu.

Katika mwezi wa Rajabu uliopita, kaskazi ikivuma na biashara ya machungwa ikiwa imepoa, tulikata shauri watu wanne, marafiki wa tangu skuli, kwenda kukaa siku chache pwani, tuvue na tule tulichokivua. Mmoja wetu ni Maalim aliyestaafu, wa pili ni fundi wa magari, wa tatu ni mfanyabiashara wa machungwa, na wa nne ni sisi tunaoandika haya. Majina hatutayataja, na sababu yake msomaji ataiona huko mbele.

Huko Marekani na Ulaya watu wanazo motokaa ambazo ni nyumba kamili: zina vitanda, zina jiko, zina hata choo, na wazee waliomaliza kazi huzunguka nazo nchi nzima. Fundi wetu aliziona pichani akaapa kwamba naye ataunda yake. Alikuwa na Hiace iliyochoka kubeba abiria. Aking'oa viti vyote vya nyuma, akapigilia mbao ndefu za kulalia, na chini yake akapanga makasha matatu: la barafu, la mkaa na la vyombo. Madumu ya maji akayafunga juu ya keria. Choo hakukipatia njia. Watu wanne ndani ya chombo kile tulilala kama samaki walioingia katika dema, na usiku wa kwanza hakuna aliyepata usingizi illa mwenye gari.

Kabla hatujaondoka lilizuka suala la sala. Kutoka Muheza kwenda Pangani kuna njia fupi ya kupitia Boza, ambayo haifiki masafa ya kufupisha. Sisi tulitaka kupitia Tanga, na njia hiyo, ukijumlisha kilomita arobaini hivi za kwenda Tanga na hamsini za kwenda Pangani, yavuka masafa. Fundi akasema kwa furaha kuwa basi tumepata ruhusa. Maalim akamwambia kuwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilitazama jambo hilo zamani sana: mwenye njia mbili, akishika ile ndefu kwa haja ya kweli, kama kuzuru mtu au kununua kitu, hufupisha, akiishika kwa ajili ya kufupisha tu, hafupishi. "Sasa tuambieni," akasema, "haja yetu Tanga ni ipi?" Tukamjibu kuwa ni barafu na chambo. Akaona yatosha.

Barafu tulinunua, na chambo tulinunua penye diko la Deep Sea, ambapo mashua huteremsha samaki na akina mama huwapigia bei wangali wanamwaga maji. Mtu wa bara akifika hapo hushikwa na kizunguzungu: changu, tasi, pono mwenye rangi ya kijani kibichi, kolekole, nguru, taa, ngisi, na vibua kwa madebe. Twapenda kuwakumbusha wenye nyumba zao jambo moja ambalo wavuvi hawachoki kulisema. Samaki mbichi jicho lake limevimba na ling'aalo, matamvua yake ni mekundu, na ukimbonyeza nyama hurudi juu. Jicho likizama na matamvua yakiwa ya kahawia, muuzaji hata akiapa, nenda kwa mwingine.

Jioni ile, kusini ya mji, tulikutana na vijana wawili kando ya njia wenye kapu la vibua na changu. Bei yao ilikuwa kama nusu ya bei ya sokoni. Mahali penyewe hatupataji. Fundi alikwisha kutoa fedha, lakini rafiki yetu wa machungwa akamchukua changu mmoja, akampasua kwa kidole gumba, akamtazama ndani, akamrudisha kapuni. "Turudini garini," akasema. Tulipomwuliza sababu hakujibu. Ni mtu mwenye maneno mengi na mzaha mwingi, kwa hiyo kimya chake kilitushangaza.

Usiku huo tulilala Tongoni, karibu na magofu. Ni msikiti wa kale na makaburi yapatayo arobaini, mengine yakiwa na nguzo za mawe kama zile za Kaole na Gedi, na nyingi ya nguzo hizo zimekwisha kuanguka. Mahali hapa ndipo palipokuwa Mtangata ya zamani. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na jahazi lake moja, São Rafael, likapanda fungu; mwaka uliofuata, akirejea kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa, aliliteketeza kwa moto papa hapa kwa kukosa watu wa kuliendesha. Wenyeji waliomwuzia kuku na machungwa wamelala chini ya mawe yale. Tulisimama tukawaombea, tukaenda zetu kupika.

Asubuhi tulipofika Kigombe tulitaka kusimama. Maalim alikuwa na hamu ya kusikia habari za silikanti kwa vinywa vya wavuvi wenyewe. Samaki huyu wataalamu walidhani alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hata ilipofika Desemba mwaka 1938 akaletwa mmoja katika bandari ya East London, Afrika ya Kusini, na bibi mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Kwetu Tanga walianza kunaswa mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu, na Kigombe ni katika vijiji vilivyowapata zaidi. Huweza kufika urefu wa karibu mita mbili, na nyama yake ina mafuta mengi hata haifai kuliwa. Kwa ajili yake serikali ilitangaza mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayoanzia mlango wa mto Pangani hadi kaskazini ya Tanga, kiasi cha kilomita 100 za pwani.

Lakini hatukusimama. Rafiki yetu wa machungwa alisema, "Tupite. Tutarudi nyuma." Twajua sote kwamba Kigombe ndiko alikozaliwa. Fundi akakanyaga mafuta, tukapita.

Pangani hatukukaa sana. Ni mji wa kale wenye majumba makubwa ya mawe, mengi yakibomoka, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kuwatia jasho mwaka mzima. Tulinunua nazi na ndimu, tukapanda kivuko hadi Bweni, na alasiri tukawa Ushongo, chini ya minazi, gari likitazama bahari.

Mbele ya Ushongo, katikati ya maji, kipo kisiwa cha Maziwe, ikiwa bado chafaa kuitwa kisiwa. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga. Mchanga ukaliwa na mawimbi, miti ikaanguka, na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 limebaki fungu linalozama maji yakijaa. Watu wa Ushongo walikuwa wakiyachukua mayai ya kasa kwa uangalifu na kuyafukia upya pwani kwao ili yasizame.

Habari ya kasa ilileta mazungumzo ya chakula, na kwa kuwa gazeti hili husomwa majumbani, twaona vema kuyaeleza. Samaki wa baharini ni halali hata akiokotwa amekufa, na hili kwa wanavyuoni wa Kishafi halina mgogoro. Viumbe waishio baharini na nchi kavu ndio waliozuiwa na wanavyuoni wetu wa Kishafi, na katika hao wamemtaja kaa na kasa. Kamba na kambamti, ngisi na pweza hawamo. Ndugu zetu wa Kihanafi ni wakali zaidi, kwao wa baharini anayeliwa ni samaki tu. Kwa hiyo ukimwalika rafiki wa Kihanafi usimwandalie pweza ukadhani umemkirimu. Ama kasa, sheria ya nchi nayo yamlinda, na zaidi ya yote nyama yake huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama hiyo, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Zamani wazee walimpa paka au kuku kwanza. Afadhali kuacha kabisa.

Usiku huo wa pili, mwezi ukiwa mpevu na chai ikiwa jikoni, rafiki yetu alituambia kwa nini alimrudisha yule changu. Mifupa ya mbavu ilikuwa imeachana na uti wa mgongo, na ndani palikuwa na damu iliyotapakaa. Samaki wa ndoana au wa dema hawi hivyo. Yule aliuawa kwa baruti.

"Na wewe umejuaje?" akauliza fundi.

Akanyosha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havipo. Sote tangu tumjue pale Muheza tulikuwa tukiambiwa kuwa vilikatwa na korona, mashine ya kusagia mkonge, na hapana aliyetia shaka, kwa kuwa korona imekata vidole vya watu wengi katika mkoa huu. Akasema korona haikuwahi kumgusa. Katika miaka ya 1990, akiwa kijana, yeye na mwenzake walikuwa wakipiga baruti. Sheria imelikataza jambo hilo tangu mwaka 1970, lakini baruti ilipatikana, na kishindo kimoja kiliweza kuleta samaki wa wiki nzima. Katika miamba waliyoipiga mmoja ulikuwa ule ambao mjomba wake aliutegea madema, na mjomba huyo ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa. Madema saba yalivunjika siku moja. Mjomba alirudi nyumbani akaketi mlangoni, hakuuliza kitu. Mwezi haukupita, utambi ukawahi, vidole vikaenda. Alipotoka hospitali hakurudi Kigombe. Alipanda gari la machungwa hadi Muheza, na huko amekaa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Mkaza mjomba alipofariki aliletewa habari, hakwenda kumzika.

Tulitazamia Maalim atatoa mawaidha, maana ndiyo ada yake. Hakutoa. Aliuliza neno moja tu: "Mjomba wako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi haki yake iko kwake. Sisi tukikusamehe hapa Ushongo haitakufaa kitu."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, maji ya bamvua yalikuwa yametoka mbali sana, na wanawake wa kijiji wakashuka miambani na michokoo yao kuwatafuta pweza. Tulifuatana nao kwa idhini yao. Tulijikata miguu bure. Macho yetu hayakuona ila mawe, na mama mmoja wa makamo akatoa pweza watatu katika matundu tuliyoyapita sisi. Alitueleza mengi kuliko kitabu. Pweza hukua upesi mno, na umri wake hauzidi sana mwaka na nusu. Jike akisha kutaga hukaa tunduni akiyalinda mayai, hali chakula, na yakisha kuanguliwa hufa. Ndiyo sababu katika vijiji kadhaa vya Zanzibar na vya mkoa wa Tanga wenyeji wamezoea kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, asiingie mtu, kisha wakaufungua siku moja wote pamoja. Wenye haraka hulalamika, lakini pweza wa mwamba uliofungwa ni mzito mara kadhaa.

Tulinunua wawili, na yeye mwenyewe akasimamia upishi wetu ili tusimharibu. Pweza hupigwa sana juu ya jiwe kwanza, ama sivyo atakuwa mpira. Kisha hutiwa sufuriani bila maji, kwani hutoa maji yake mwenyewe mengi, na achemke humo mpaka alainike. Chumvi asitiwe mapema. Akisha kuiva hukatwa vipande, hukaangwa kidogo kwa kitunguu, kitunguu saumu na bizari, ndipo humiminiwa tui jepesi, na mwishoni tui zito na ndimu. Tulimla kwa bada la muhogo. Fundi alisema kuwa kwa mlo ule peke yake amelipwa gharama ya mbao zote. Rafiki yetu wa machungwa alikula matonge mawili akanawa.

Alasiri tukavuka tena mto, tukarudi Kigombe.

Mjomba tulimkuta chini ya mkungu, mzee mwenye kofia ya kiua, anafuma dema, fito zimemzunguka. Tulisimama mbali kidogo, rafiki yetu akaenda peke yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakuinua uso. Kisha akautazama ule mkono wa kushoto, akautazama sana. "Umepona?"

"Umepona, Mjomba."

Akaanza kusema aliyoyajia. Hatukuyasikia yote, wala hatukutaka kuyasikia. Tulimwona akitoa bahasha, na mzee akairudisha kwa mgongo wa mkono. Ndipo sauti ikapanda kidogo. "Fedha zako zitunze. Hili ni dema, halifumwi kwa fedha. Una vidole vingapi?"

"Vinane, Mjomba."

"Vinatosha. Kaa kitako."

Akakaa. Mpaka magharibi alikuwa akipindisha fito, na kila aliposhika vibaya mzee alizifumua bila ya neno, akampa aanze tena. Sisi tulialikwa uani tukapewa kahawa. Mjukuu mmoja alituuliza kama ni kweli gari letu ni nyumba, tukampeleka akaione, na usiku ule alilala humo yeye na wenzake watatu, wenye gari tukalala barazani.

Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, tulingoja maji yaanze kupwa, tukatoka na mtumbwi wa mzee. Mwamba ule tuliuona kwa macho yetu, maana maji yalikuwa kama kioo. Katikati pametapakaa vifusi vya matumbawe vyeupe, kama mahali palipobomolewa nyumba. Mzee alisema vifusi hivyo huviringishwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika, kwa hiyo miaka yote hiyo katikati pamebaki vile. Pembezoni yako matumbawe makubwa ya duara yaliyosalimika. Hayo hukua kwa mwaka kiasi cha upana wa ukucha. Madema yake sasa huyatega upande huo. Tukampa habari ya vijana wa kando ya njia. Akasema kuwa tangu serikali ilipokaza mkono, miaka ya 2016 hadi 2018, vishindo vimepungua sana, kuna miezi hasikii hata kimoja, lakini havijesha, na anayenunua kapu la rahisi ndiye anayempa kijana fedha ya kurudi tena.

Tuliinua madema manne. Tulipata tasi watano, pono mmoja, kangu wawili, na changu wadogo ambao mzee aliwarudisha majini mmoja mmoja. Rafiki yetu ndiye aliyevuta kamba. Vidole vinane vilivuta vizuri tu.

Tulipokaribia ufukoni alimwuliza mjomba wake, mbele yetu, kama amemsamehe. Mzee akasema, "Mimi nilisamehe zamani. Mkaza mjomba wako ndiye aliyekufa akikuuliza. Kaburi lake lipo nyuma ya msikiti, nenda kamsomee." Akaenda. Tulimngoja garini, na barafu iliyobaki ikayeyuka yote kabla hajarudi.

Mzee alitufungia tasi watatu katika ukuti, akakataa kuchukua senti. Alimwambia mpwa wake kuwa lile dema halijakwisha, mdomo bado, na kwamba bamvua la mwezi ujao atakuwa nyumbani. Njia nzima mpaka Tanga rafiki yetu hakusema neno. Tulipopita Pongwe ndipo alipomwuliza fundi kama gari litaweza kusafiri tena katikati ya Shaabani. Fundi akajibu kuwa lina pancha moja na deni la mafuta, lakini litakuwa tayari.